Hola, 3 Machi 1959: Mpango ulitangulia, kipigo kikafuata

Tarehe 4 Machi 1959, serikali ya kikoloni mjini Nairobi ilitoa taarifa fupi kwa magazeti. Mahabusu 10 wa kambi ya Hola, kando ya Mto Tana, walikuwa wamekufa siku moja kabla. Taarifa ikaeleza kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji ya gari la maji lililokuwa likitumiwa na kikosi kizima cha kazi, askari wakiwemo. Haikusema maji yalikuwa na sumu. Haikusema pia kwamba hayakuwa nayo. Msomaji aliachiwa amalizie mwenyewe.

Uchunguzi wa maiti haukukuta sumu wala ugonjwa. Ulikuta miili iliyopondeka na damu iliyovujia ndani. Watu hao walikufa kwa kipigo. Baadaye akafa wa 11.

Wakenya wengi wamelisikia jina la Hola, walau mstari mmoja wa kitabu cha shule. Mara nyingi kisa husimuliwa kama siku ambayo askari jela walipandwa na wazimu wakaua. Mimi naona masimulizi hayo yanawasitiri wakubwa. Ukizifuata karatasi, kuanzia Mwea mwaka 1957 hadi Nairobi Februari 1959, unakuta kipigo kile kilikuwa na mwanasheria wake, mawaziri wake na mpango wake ulioandikwa na kupitishwa. Askari mwenye rungu alikuwa wa mwisho kupokea kazi.

Tuanze nyuma kidogo. Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na usiku huo Jomo Kenyatta na wenzake wakaanza kukamatwa. Mzizi wa ugomvi ulikuwa ardhi. Wakikuyu walibanwa katika maeneo ya wenyeji huku nyanda za juu zikiwa za walowezi, na maskwota waliozaliwa na kukulia katika mashamba ya Bonde la Ufa walikuwa wakifukuzwa kwa maelfu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Walioingia msituni, Mlima Kenya na Nyandarua, walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Serikali na magazeti yake wakawaita Mau Mau, na jina likashika.

Nao waliua. Wengi wa waliouawa na Mau Mau walikuwa Waafrika wenzao, na Lari, Machi 1953, familia nzima zilichomwa ndani ya nyumba zao. Anayesimulia Hola huku akiiruka Lari anajinyima hoja bila sababu, maana kesi ya Hola haisimami juu ya usafi wa mahabusu. Inasimama juu ya jambo dogo zaidi na gumu zaidi kulikwepa: serikali inaruhusiwa kumfanyia nini mtu ambaye tayari iko naye mikononi, hana silaha, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani?

Maana wengi wao hawakufikishwa mahakamani hata siku moja. Kati ya waliofikishwa na kukutwa na hatia ya kifo, zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka ya hali ya hatari. Waliobaki walizuiliwa kwa karatasi ya amri tu. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, wanajeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi na kuusomba mtaa kwa mtaa. Watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa kuchujwa. Wachujaji walikuwa na wasiri wao waliovikwa magunia yenye matundu ya macho, ambao Wakikuyu waliwaita gakunia. Unapitishwa mbele ya gunia. Gunia likitikisa kichwa, umekwenda. Mwisho wa mwaka huo, kwa hesabu ya serikali yenyewe, kambi zilikuwa na watu zaidi ya 70,000 kwa wakati mmoja. Jumla ya waliopita humo kwa miaka yote bado inabishaniwa na wanahistoria: takwimu rasmi ilikuwa 80,000, na wapo wanaosema ni mara mbili ya hapo au zaidi.

Kambi hizo zilipangwa kama bomba, na ndivyo maafisa walivyoziita. Mtu aliingizwa upande mmoja na kupewa rangi. Weupe walionekana hawana hatia, kijivu walikuwa katikati, weusi ni wale wasiokubali kuvunjika. Aliyekiri kwamba alikula kiapo cha Mau Mau na kukubali kufanya kazi alisogezwa kambi kwa kambi kuelekea wilayani kwao. Aliyekataa alisukumwa mbali zaidi: Manyani na Mackinnon Road kwenye reli ya Mombasa, Lodwar, visiwa vya Mageta na Saiyusi katika Ziwa Victoria, Takwa kwenye kisiwa cha Manda mkabala na Lamu, na mwishowe Hola. Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Uwanja wa ndege wa Embakasi ulijengwa kwa mikono hiyo, na mifereji ya kwanza ya Mwea pia. Anayesifia wali wa pishori wa Mwea mezani kwake, na mimi nausifia, anakula kutoka kwenye ardhi iliyochimbwa na watu waliokuwa chini ya mtutu.

Kufikia mwaka 1957 vita vya msituni vilikuwa vimekwisha. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957. Tatizo la serikali likageuka: imefungia maelfu ya watu ambao hawakubali, haiwezi kuwashtaki kwa kukosa ushahidi, na haitaki kuwaachia wakiwa hawajavunjika. Hapo ndipo Mwea inapoingia, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Msimamizi wa kambi za Mwea alikuwa afisa kijana, Terence Gavaghan. Mbinu yake iliitwa kuzimua. Badala ya kuwaacha wakaidi pamoja, unawachukua wachache wachache kutoka Manyani na kuwaingiza kati ya watu waliokwisha kuvunjika, na saa ya mapokezi unawapiga mshtuko ambao hautawapa nafasi ya kujipanga. Wanafika, wanaamriwa kuvua nguo zao, kunyolewa na kuvaa za kambi. Anayekataa anavuliwa kwa nguvu na kupigwa. Mahabusu walikuwa na silaha moja tu, mlio wa kuomboleza ambao mmoja akiuanza wote huitikia, na kambi nzima inasimama. Dawa ya mlio huo ilikuwa kumwangusha anayeuanza, kumkanyaga koo na kumshindilia matope mdomoni. Asiponyamaza, anapigwa hadi azirai.

Haya sikuyatoa kwenye malalamiko ya mahabusu. Yameandikwa na Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, aliyekwenda na wakubwa wenzake kutazama mapokezi, kisha akarudi Nairobi na kuandika waraka wa Juni 1957. Waraka huo Gavana Baring aliupeleka London kwa Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, akiomba idhini ya kuendelea. Alipata.

Kazi ya Griffith-Jones ilikuwa ya kisheria. Kumpiga mahabusu kama adhabu kulikuwa na mipaka: lazima kosa, lazima taratibu, idadi ya viboko inajulikana. Kwa hiyo akatenganisha aina mbili za nguvu. Nguvu ya kuadhibu ibaki na mipaka yake. Nguvu ya kulazimisha, yaani ile inayotumika kumfanya mtu atii amri halali, iruhusiwe. Akaongeza masharti: wasipigwe sehemu za hatari za mwili, akataja wengu, ini na figo, na wapigaji wawe watulivu, wasiokuwa na jazba. Mwanasheria huyohuyo miaka michache kabla alikuwa amekiri kwa maandishi kwamba mambo ya kambini yalikuwa yakimkumbusha kwa uchungu Ujerumani ya Wanazi. Sasa alikuwa akiyatafutia kanuni. Na ni yeye aliyemwandikia Gavana sentensi ambayo nusu karne baadaye ingesomwa na dunia nzima: kama tutatenda dhambi, basi tuitende kimyakimya.

Itazame vizuri tofauti aliyoichora, kwa sababu Hola yote imo ndani yake. Adhabu ina dari. Umeamriwa viboko 12, cha 12 kikipita adhabu imekwisha, hata kama moyo wa mtu haujabadilika. Nguvu ya kulazimisha haina dari, kwa sababu kikomo chake ni utii wa anayepigwa. Akitii kwenye pigo la pili, umepiga mawili. Asipotii, sheria haikuambii usimame wapi. Kadiri mtu anavyokuwa na msimamo ndivyo anavyohalalisha kupigwa zaidi. Kanuni ya namna hiyo ukiipeleka kwa watu waliokwisha kupita kambi zote bila kuvunjika, hesabu yake inajulikana kabla haijafanywa.

Na hao ndio walioletwa Hola.

Hola iko katika nchi ya Wapokomo na Waorma, mbali na mji wowote mkubwa, joto lake si la kusimuliwa. Mto Tana unapita hapo na mwaka 1953 serikali ilianzisha mradi wa umwagiliaji. Palikuwa na kambi mbili. Kambi ya wazi ilikuwa ya watu waliokubali kufanya kazi na kulima, wakiwa bado uhamishoni. Katika kambi iliyofungwa waliwekwa wale weusi kabisa, mamia machache waliobaki baada ya bomba kuwatapika wengine wote. Wengi wao walikataa kazi. Hoja yao ilikuwa ya kisheria kuliko ilivyosimuliwa: sisi si wafungwa waliohukumiwa kifungo na kazi ngumu, sisi tumezuiliwa kwa sababu za kisiasa, na mtu wa aina hii halazimishwi kufanya kazi. Uingereza yenyewe ilikuwa imeridhia mkataba wa kimataifa wa mwaka 1930 dhidi ya kazi za kushurutishwa. Nadhani kilichowaudhi wakubwa si mtaro usiochimbwa. Kiliwaudhi kitendo cha watu wasio na kitu kuwakumbusha sheria.

Februari 1959 afisa mwandamizi wa magereza, John Cowan, alitumwa Hola kutafuta suluhisho. Alirudi na mpango. Mahabusu watolewe makundi madogo, kama 20 kwa mara moja, wakiwa wamezingirwa na askari wengi kuliko wao. Wapelekwe kwenye eneo la kazi. Wakikataa kwenda, wabebwe. Wakifika na kukataa kufanya kazi, washikwe na kulazimishwa kuifanya, kwa mfano kung'oa magugu. Cowan aliamini mtu akishang'oa gugu moja, hata kwa mkono wa askari juu ya wake, kiapo chake kimevunjika.

Mkuu wa magereza, J. H. Lewis, aliusoma mpango huo akaona unaelekea wapi. Aliandika kwa wakubwa wake kwamba utahitaji kiasi fulani cha nguvu, na kwamba mtu anaweza kuumia au hata kufa. Aliomba suala lipelekwe ngazi ya juu, kwenye baraza la usalama, ili uamuzi wa kisera utolewe huko. Ukiwa unatafuta mahali ambapo kisa hiki kingeweza kusimamishwa, ni hapa. Onyo limeandikwa na mtaalamu, kwa lugha isiyo na mafumbo, wiki kadhaa kabla.

Waraka ukafika kwa mawaziri wawili wa serikali ya koloni, Cusack aliyekuwa na dhamana ya ulinzi na Johnston wa masuala ya Waafrika. Hawakuupeleka kwenye baraza. Waliidhinisha mpango wenyewe. Mkuu wa kambi ya Hola, Michael Sullivan, akapokea amri ambazo mwenyewe hakuwa na uhakika nazo; akauliza, akajibiwa kwamba wakubwa wamethibitisha, aendelee.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Machi, Sullivan hakutoa 20. Alitoa zaidi ya 80 kwa mpigo. Askari wenye marungu waliwazunguka, wengine wenye bunduki wakasimama kwa nje. Walipelekwa kwenye mtaro wa umwagiliaji na kupewa zana. Waliokataa walianza kupigwa. Uchunguzi wa baadaye ulisikia kwamba kipigo kilikuja kwa mawimbi, kinatulia, kinaanza tena, wanaoanguka wanapigwa wakiwa chini, wanaoinuka wanarudishwa kazini. Jua lilipopanda watu wakawa wanaanguka na kumwagiwa maji. Huko kwenye maji ya kumwagiwa ndiko hadithi ya gari la maji ilikotoka.

Mmoja wa walionusurika, Wambugu wa Nyingi, aliapa mbele ya mahakama ya London zaidi ya miaka 50 baadaye. Alikuwa mwanachama wa chama cha siasa cha KAU, alisema, na hakuwahi kula kiapo cha Mau Mau. Alizuiliwa karibu miaka 9 bila kushtakiwa. Siku ile alipigwa hadi akapoteza fahamu. Wakamdhania amekufa. Alilazwa pamoja na maiti kabla ya kugundulika kwamba bado anapumua.

Makumi ya wengine walibaki na majeraha, baadhi yao ya maisha.

Nimesema karatasi zilitangulia kipigo. Uongo nao ulifuata njia hiyohiyo ya ofisini. Maafisa walipaa kutoka Nairobi kwenda Hola, wakatazama maiti na wakarudi. Taarifa ya tarehe 4 iliandikwa baada ya watu wenye uzoefu wa magereza kuwa wameiona miili hiyo. Anayejua kazi ya msemaji wa serikali ataitambua mara moja sarufi yake. Kila neno, ukilichukua peke yake, linaweza kutetewa: kweli palikuwa na gari la maji, kweli walikunywa, kweli walikufa baada ya hapo. Kilichoondolewa ni marungu tu. Taarifa za namna hii hazijaisha Afrika Mashariki. Wakenya waliopitia vyumba vya mateso vya chini vya jengo la Nyayo House, Nairobi, miaka ya 1980 waliwahi kusoma habari zao zikiandikwa kwa mkono huohuo, safari hii na serikali yao wenyewe, ambayo ilikuwa imerithi sheria ya kuzuilia watu bila kesi na haikuona haraka ya kuitupa.

Uongo wa maji haukudumu wiki nyingi, kwa sababu maiti zilikuwa nyingi mno na zilikuwa za siku moja. Hilo ndilo lililoitofautisha Hola. Katika kambi nyingine watu walikufa mmoja leo, mwingine mwezi ujao, na kila kifo kikapewa jina lake: nimonia, homa ya matumbo, ajali. Walikuwepo waliopiga kelele mapema. Mkuu wa polisi Arthur Young alijiuzulu baada ya muda mfupi kazini kwa sababu hakuachiwa kuchunguza uhalifu wa askari. Eileen Fletcher, aliyefanya kazi na wafungwa wanawake katika gereza la Kamiti, alirudi Uingereza, na mwaka 1956 akaandika alichokiona. Mahabusu wenyewe waliandika barua kwa siri, kwa wabunge, kwa Malkia. JM Kariuki, ambaye baadaye alikuwa mbunge na akauawa mwaka 1975, alikuwa mmoja wa waandishi hao na alipigwa kwa ajili ya kalamu yake. Barua zilifika. Zilijibiwa kwamba mahabusu ni waongo. Maiti 11 ni vigumu kuziita waongo.

Hakimu W. H. Goudie alisikiliza ushahidi na kutoa uamuzi wake Mei 1959. Chanzo cha vifo: mshtuko na kuvuja damu kutokana na majeraha mengi ya kipigo. Kipigo kile, alisema, hakikuwa na uhalali wala udhuru. Kisha akafika mahali ambapo kesi ilifia: haikuwezekana kuthibitisha ni askari yupi alimpiga marehemu yupi pigo lililomuua. Hakuna aliyeshtakiwa. Sullivan alistaafishwa, kiinua mgongo chake kikiwa salama.

Hoja hiyo ya Goudie inastahili kutazamwa zaidi ya ilivyotazamwa. Kwa askari mmojammoja, ni sahihi: katika vurugu ya watu wengi huwezi kuhesabu marungu. Lakini ilikuwa sahihi tu kwa sababu maswali yaliishia kwenye marungu. Nani aliandika mpango, nani alionywa, nani alipitisha, hayo hayakuhitaji kuhesabu pigo lolote. Majina yalikuwepo, sahihi zilikuwepo, tarehe zilikuwepo. Mfumo ulikuwa umegawa kazi kwa namna ambayo mkono unaopiga ni wa askari Mwafrika asiyejulikana, na mkono unaojulikana ulishika kalamu tu. Wa kwanza hakushitakiwa kwa sababu hakutambulika. Wa pili hakushitakiwa kwa sababu hakupiga.

Bunge la Uingereza lilijadili Hola mara mbili majira yale ya joto. Barbara Castle na wenzake wa chama cha Labour waliisukuma kwa miezi. Lakini hotuba iliyobaki kwenye kumbukumbu ilitoka upande wa serikali, kwa mtu ambaye miaka 9 baadaye angekuwa sauti kubwa ya chuki dhidi ya wahamiaji: Enoch Powell. Usiku wa manane wa kuamkia 28 Julai 1959 alisimama na kuwatoa makosani wadogo. Alikataa neno la mbunge mwenzake aliyewaita marehemu chini ya binadamu. Kisha akapanda ngazi moja baada ya nyingine, Sullivan, Cowan, Lewis, hadi kwa mawaziri walioonywa, na kusema dhima iko kwao na haiwezi kubaki chini. Huwezi, alisema, kuwa na viwango vya Kiafrika Afrika, vya Kiasia Asia na vya Kiingereza nyumbani. Simpendi Powell na sina sababu ya kumpenda, lakini uchambuzi wake wa usiku ule ndio bora kuliko wowote uliotolewa na chombo rasmi.

Haukuzaa kitu. Lennox-Boyd alitaka kujiuzulu, Waziri Mkuu Harold Macmillan akamzuia kwa kuwa uchaguzi ulikuwa mlangoni. Oktoba chama chao cha Conservative kikashinda. Kilichobadilika ni hesabu ya kisiasa. Siku ileile ya Hola, 3 Machi 1959, serikali ya kikoloni ya Nyasaland (Malawi ya leo) ilikuwa imetangaza hali ya hatari na kumkamata Hastings Banda, na watu wengi wakauawa Nkhata Bay. Tume ya Jaji Devlin iliyochunguza mambo ya Nyasaland ilitoa ripoti Julai na kuiita nchi hiyo, ingawa kwa muda tu, dola ya kipolisi. Ripoti mbili mbaya, miezi mitatu kabla ya kura. Iain Macleod, aliyemrithi Lennox-Boyd, aliharakisha kutoka Afrika kuliko alivyotarajiwa. Hali ya hatari Kenya ikaondolewa Januari 1960, mwezi uleule mkutano wa katiba ya Kenya ulipofunguliwa Lancaster House, London. Na Hola ikabadilishwa jina, ikaitwa Galole, kana kwamba mji ndio uliokosa. Jina la zamani limerudi. Galole imebaki kuwa jina la jimbo la uchaguzi.

Karatasi nazo zilikuwa na safari yake. Kabla ya uhuru, maafisa wa koloni walipewa maagizo ya kuchambua mafaili: yapi yakabidhiwe serikali mpya, yapi yasafirishwe Uingereza, yapi yachomwe. Yaliyosafirishwa yalifichwa, mwishowe katika jengo la serikali huko Hanslope Park. Yalikaa humo hadi mwaka 2011, pale kesi ya Wakenya wazee watano ilipolazimisha Wizara ya Mambo ya Nje kukiri kwamba inayo: mafaili yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37, na ya Kenya pekee karibu 1,500. Waraka wa Griffith-Jones wa nguvu ya kulazimisha, barua ya dhambi ya kimyakimya, na mengine yaliyothibitisha kwamba London ilijua, vilikuwa humo au vilitiliwa nguvu na yaliyokuwa humo.

Wazee hao walifungua kesi mwaka 2009: Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi. Wanaume wawili kati yao walikuwa wamehasiwa kizuizini. Jane Mara alidhalilishwa kwa chupa yenye maji ya moto akiwa msichana. Jibu la kwanza la serikali ya Uingereza lilikuwa kwamba dhima yote ilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru mwaka 1963. Yaani waliopigwa wakaidai nchi waliyopigwa kwa kuidai. Jaji McCombe wa Mahakama Kuu ya London alilikataa hilo Julai 2011. Alishangaa pia mfumo wa sheria usiokubali kamwe ushahidi uliopatikana kwa mateso ukatae kusikiliza dai dhidi ya serikali yake yenyewe kwa kushindwa kuzuia mateso. Mwaka uliofuata wakili wa serikali alisema mahakamani kwamba hawabishi kuwa wadai waliteswa, na Oktoba 2012 jaji akaamua kwamba muda kupita hakuzuii kesi, kwa sababu nyaraka ni nyingi na zinajieleza.

Serikali haikusubiri kesi yenyewe. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza wakati huo, alisimama bungeni, akaeleza masikitiko ya dhati na kutangaza pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwemo, kwa wadai 5,228. Dhima ya kisheria aliendelea kuikana katika hotuba hiyohiyo. Mnara wa kumbukumbu uliojengwa kwa fedha za Uingereza ukazinduliwa Uhuru Park Septemba 2015.

Wakajitokeza wengine zaidi ya 40,000 kwa kesi ya pili. Hiyo ilikwenda hadi mwisho, na mwaka 2018 Jaji Stewart akaitupa: miaka imekuwa mingi, mashahidi wamekufa, serikali haiwezi tena kujitetea kwa haki. Miongoni mwa sababu za ugumu wa ushahidi wa miaka hiyo ni mafaili yaliyochomwa, na aliyewasha kiberiti alikuwa serikali hiyohiyo iliyokuwa ikidaiwa.